Deni la Lily Bart: kuisoma riwaya ya Edith Wharton kwa kufuata fedha

Wengi wanaoifungua The House of Mirth hutarajia kisa cha mapenzi. Mapenzi yamo, ila mimi huwashauri wasomaji washike kalamu na kufuatilia nani anamdai nani.

Riwaya hii ilitoka mwaka 1905. Mwandishi wake, Edith Wharton, alizaliwa mwaka 1862 katika tabaka lile lile la matajiri wa New York analolisimulia, na jina la kitabu alilichota katika Biblia, Mhubiri 7:4.

Lily Bart ana miaka 29. Ni mrembo, yatima, hana mali, na hakufunzwa kazi yoyote isipokuwa kupendeza. Analelewa na shangazi yake, Bi. Peniston. Akialikwa kwa matajiri, sharti avae kama wao na acheze karata za fedha kama wao. Mchezo wa briji wa usiku mmoja unamla dola 300.

Ndipo Gus Trenor, mume wa rafiki yake, anapojitolea kumzungushia fedha kidogo katika soko la hisa. Hundi zinaanza kumiminika. Lily anadhani ni faida, kumbe Trenor anatoa mfukoni mwake. Zinafika dola 9,000, na malipo anayoyataka bwana huyo si ya fedha. Tusimwone Lily mjinga. Binti wa daraja lake hakutakiwa kujua mambo ya hisa, na kudadisi kungeonekana ushamba. Ujinga huo alilelewa nao, tena ukiitwa adabu.

Huko Monte Carlo, Bertha Dorset, bibi tajiri wa kundi hilo hilo, anamfukuza Lily kwenye yoti yao ya starehe mbele za watu ili kufunika uzinzi wake mwenyewe. Bertha ana mume na mali, basi neno lake ndilo linaloaminiwa. Shangazi naye keshasikia uvumi. Anapokufa na wasia wake kusomwa, Lily ameachiwa dola 10,000 tu.

Kumbuka kwamba muda wote huo ana barua za mapenzi ambazo Bertha alimwandikia Lawrence Selden, wakili anayempenda Lily. Zingetosha kumnyamazisha Bertha. Lily anazichoma.

Anaishia kushona kofia, na hata kazi hiyo inamshinda. Jioni hundi ya urithi inapofika, anamwandikia Trenor hundi ya deni lote, kisha anakunywa dawa ya usingizi kupita kiasi. Kwa makusudi au kwa bahati mbaya? Wharton hasemi. Asubuhi Selden anakuja, hatimaye ameamua kusema la moyoni. Anaona bahasha yenye jina la Trenor na wivu unamkaba, mpaka anapofungua kitabu cha hundi.