Vitabu vya Picha vya Sayansi kwa Watoto wa Kanda ya Ziwa: Dhana Potofu na Ukweli

Katika vyumba vingi vya elimu ya awali nilivyopita hapa Mwanza, kona ya vitabu, pale inapokuwapo, huwa na hadithi za sungura na fisi, pamoja na kitabu cha herufi na cha namba. Vitabu vinavyomweleza mtoto mambo ya kweli kwa picha, kama vile samaki anavyopumua au mahali mbu anapotagia mayai, ni adimu. Nikiuliza sababu hujibiwa kwamba ni bei, lakini mazungumzo yakiendelea hudhihirika kwamba nyuma ya bei zimo imani ambazo wazazi na walimu tumezipokea bila kuzihoji.

Dhana potofu: Mtoto mdogo anaelewa hadithi tu, mambo ya kweli yasubiri hadi darasa la tatu

Kitabu cha picha cha watoto kilichopata umaarufu mapema kabisa barani Ulaya, kile alichokichapisha John Amos Comenius mjini Nürnberg mwaka 1658, hakikuwa cha hadithi, bali kilieleza vitu halisi vya duniani, wakiwamo wanyama, mimea na kazi za watu. Mwaka 1993 mtafiti Christine Pappas wa Marekani alieleza jinsi watoto wa chekechea, baada ya kusomewa vitabu vya hadithi na vya maarifa, walivyoweza kuvisimulia vya maarifa kwa ufasaha uleule waliouonyesha katika hadithi. Hata hivyo, Nell Duke alipochunguza madarasa 20 ya darasa la kwanza nchini humohumo, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000, aligundua kwamba maandishi ya maarifa yalipewa wastani wa dakika 3.6 tu kwa siku. Kwa maoni yangu, tunachokiita kutopenda kwa mtoto mara nyingi ni kutopewa.

Dhana potofu: Mnyama asipozungumza na kuvaa nguo, mtoto hatavutiwa

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na ndiyo yenye madhara zaidi. Mwaka 2014 Patricia Ganea wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha matokeo ya kuwasomea watoto wa miaka 3 hadi 5 vitabu kuhusu wanyama wasiowafahamu, baadhi vikiwaonyesha wanyama hao kama walivyo na vingine vikiwapa tabia za kibinadamu. Watoto waliosomewa vitabu vya namna ya pili walijifunza machache kuhusu mnyama halisi kuliko waliosomewa vya namna ya kwanza, na lugha inayompa mnyama mawazo ya kibinadamu iliwaelekeza kuamini kwamba hata mnyama wa kweli huwaza na kuhisi kama mtu. Sisemi sungura mjanja afukuzwe nyumbani, kwani hadithi zake zinafundisha mengine mengi. Nasema tu kwamba asipewe kazi ya kufundisha baolojia.

Nilipowasomea watoto wa miaka mitano ukurasa unaohusu kamongo, picha ilimwonyesha samaki huyo akiwa ameinua pua hadi juu ya maji, na kando yake palikuwa na mchoro wa mwili wake uliofunuliwa ubavuni ili mapafu yaonekane, huku mapezi yake membamba yakining'inia mithili ya nyuzi. Mtoto mmoja, ambaye bila shaka alikwishamwona kamongo mwaloni, aliutazama mchoro huo kwa muda kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo kamongo akizuiwa kupanda juu anakufa maji?" Ndiyo, anakufa maji, kwa sababu kamongo aliyekomaa hutegemea hewa anayoivuta juu kuliko ile ambayo matamvua yake yanaipata majini. Samaki anayeweza kufa maji ni ajabu ya kutosha kumshughulisha mtoto mchana kutwa, na hakuna shati wala kofia itakayoiongezea chochote.

Dhana potofu: Watoto wetu wana ziwa mlangoni, kwa hiyo kitabu cha nini?

Ni kweli kwamba mtoto wa Kirumba au Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza, ana utajiri ambao mtoto wa mji usio na maji hana, lakini macho huishia juu ya uso wa maji. Mtoto huyo huona wingu la wadudu wadogo likipanda ziwani mfano wa moshi, naye huambiwa tu afunge mdomo na dirisha. Kitabu ndicho kinachoweza kumwonyesha kwamba wengi wa wadudu hao waliishi kwanza kama viluwiluwi ndani ya tope chini ya ziwa, wakila mabaki ya viumbe na wao wenyewe wakiliwa na samaki, na kwamba mdudu huyo aliyekomaa, ijapokuwa anafanana na mbu, haumi.

Mfano wenye uzito zaidi ni kichocho. Mayai ya kimelea chake huingia majini pamoja na kinyesi au mkojo wa mtu aliyeambukizwa, kisha huanguliwa, na kimelea huingia ndani ya konokono fulani wa maji baridi. Humo huongezeka, na baada ya wiki kadhaa vimelea vipya hutoka na kupenya ngozi ya yeyote aliyemo majini. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo, isipokuwa konokono mwenyewe, ambayo mtoto anaweza kuiona kwa macho yake akiwa anacheza ufukweni. Agizo la "usiingie majini" analolisikia kila siku halina sababu ndani yake. Picha nne zilizokuzwa, zikiwa zimepangwa kwa mzunguko na mishale, zinampa sababu hiyo, na zinamweleza pia kwa nini choo cha nyumbani kina uhusiano na ziwa lililo mbali nacho. Nimeona watoto wakiufuata mzunguko huo kwa kidole hadi wakaufahamu vizuri, bila woga wowote.

Dhana potofu: Picha ni mapambo ya kumtuliza mtoto

Katika kitabu cha namna hii picha ndiyo hubeba nusu ya maelezo, nayo haina budi kusomwa kama maneno yanavyosomwa. Mtoto hazaliwi akijua kwamba mshale huonyesha mwelekeo, wala kwamba mchoro wa ndani ya yai haumaanishi kuwa yai limepasuka. Ukubwa ndio humchanganya zaidi. Dagaa asiyefikia sentimita 10 na sangara anayeweza kukaribia mita mbili wakichorwa kwenye kurasa mbili kila mmoja akijaza ukurasa wake, mtoto atawadhania kuwa sawa, na hapo msomaji atue, achukue rula na kamba, awaonyeshe tofauti sakafuni.

Dhana potofu: Mambo mazito yamezidi umri wao

Mwaka 2014 Deborah Kelemen wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miaka 5 hadi 8 waliweza kuelewa misingi ya uteuzi wa asilia, yaani jinsi viumbe wenye maumbile yanayofaa mazingira yao wanavyoishi na kuzaa zaidi hadi maumbile hayo yakaenea, kwa kusomewa kitabu cha picha kuhusu wanyama wa kubuni, na wengi waliyakumbuka maelezo hayo hata baada ya miezi mitatu. Sisi hatuhitaji mnyama wa kubuni. Tunao furu, ambao mamia ya spishi zao yametokea katika Ziwa Victoria, wengine wakikwangua mwani kwenye miamba, wengine wakivunja konokono, wengine wakila samaki wenzao, kila mmoja akiwa na taya na meno yanayolingana na chakula chake. Sangara, ambao huwala furu, waliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka au kubaki wachache sana. Mtoto anayejua bei ya sangara anaweza kuelewa na habari hiyo pia.

Dhana potofu: Anayesoma lazima ajue majibu yote

La hasha. "Sijui, tuitafute pamoja" ni jibu halali kabisa la mwalimu au mzazi, mradi kweli waitafute.

Dhana potofu: Vitabu hivi ni vya kigeni na vya wenye fedha

Vilivyo vingi madukani ni vya kigeni kweli, na watoto wetu humfahamu pengwini kabla ya pimbi. Hali hiyo inaniuma, maana pimbi anaota jua kwenye mawe ya kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo karibu kabisa na katikati ya jiji, na mnyama huyo mdogo ni jamaa wa tembo kwa nasaba. Maktaba ya Mkoa ipo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili nchini tangu mwaka 1991. Hata pasipo hivyo, karatasi chache zilizokunjwa na kushonwa katikati zinatosha kutengeneza kijitabu cha darasa.

Tunaweza kuanza na mjusi wa mawe, yule ambaye hata jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na Mwanza. Watoto wamchunguze kwa siku kadhaa, waandike anakula nini na huota jua saa ngapi, kisha wamchore. Dume huwa na kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, ilhali jike ana rangi ya udongo. Kijitabu kikionyesha dume peke yake, msomaji mdogo atampita jike juu ya jiwe bila kumtambua, kwa hiyo wachorwe wote wawili kwenye ukurasa mmoja, na urefu wao uandikwe kando.