Je, Wajua Kwa Nini Wahifadhi wa Rekodi za Redio ya Masafa Mafupi Hawaondoi Mikwaruzo?

Kaseti ya zamani iliyorekodiwa kutoka redio ya masafa mafupi huwa na sauti inayopanda na kushuka, inayokonda ghafla kana kwamba mtangazaji amewekwa ndani ya bomba, kisha ikamezwa na stesheni jirani. Programu za kompyuta za siku hizi zinaweza kuisafisha sehemu kubwa ya kelele hiyo, lakini wahifadhi makini wa rekodi hizi huiacha jinsi ilivyo, na wakitengeneza nakala iliyosafishwa huiweka kando, pasipo kuigusa ile ya asili. Mapenzi ya enzi iliyopita yamo, bila shaka, ila sababu kubwa ni kwamba mikwaruzo hiyo ni sehemu ya ushahidi.

Mawimbi mafupi, yaani yaliyo kati ya megahezi 3 na 30, hufika mbali kwa kuwa hupanda hadi ionosfia, eneo la juu la angahewa ambako mionzi ya jua imebandua elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli za hewa. Elektroni hizo huyapinda mawimbi na kuyarejesha ardhini, nayo yakishagonga ardhi au bahari huweza kuruka tena na tena hadi bara jingine. Mchana, tabaka la chini la ionosfia, liitwalo D, hufyonza mawimbi ya megahezi chache kabla hayajafika juu. Jua likizama, tabaka hilo hufifia upesi huku tabaka F, lililo juu zaidi, likibaki. Ndiyo maana mkanda wa mita 49, yaani kundi la masafa ya megahezi 6 hivi, uliokuwa karibu kimya adhuhuri, hufurika stesheni usiku, ilhali mikanda kama ule wa mita 16 hufaa zaidi mchana. Juu ya hayo yote kuna mzunguko wa madoa ya jua wa takriban miaka 11, ambao huinua na kushusha uwezo wa mikanda ya juu.

Kule kupanda na kushuka kwa sauti nako kuna maelezo yake. Matangazo yaleyale humfikia msikilizaji kwa njia zaidi ya moja, pengine kwa mruko mmoja na kwa miruko miwili, na kwa kuwa ionosfia haitulii, urefu wa njia hizo hubadilika kila wakati. Mawimbi yakikutana yakiwa sambamba huimarishana, yakipishana hufutana. Mara nyingine hufutana katika sehemu tu ya masafa yanayobeba sauti, na hapo ndipo mtangazaji husikika kama yumo ndani ya bomba. Lipo hata jambo la ajabu zaidi: mawimbi yaliyoizunguka dunia nzima huchukua takriban sehemu 13 za mia moja za sekunde, kwa hiyo msikilizaji mwenye bahati huweza kusikia neno na mwangwi wake uliotoka upande wa pili wa sayari. Rekodi ya namna hiyo, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko habari iliyokuwa ikisomwa.

Kumbukumbu za stesheni, pale zilipotunzwa, huwa na sauti safi ya studioni, wala hazielezi ni nini hasa kilichomfikia msikilizaji. Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika matangazo ya Vita Baridi. Umoja wa Kisovyeti ulitumia mitambo ya kelele kuyavuruga matangazo ya BBC, Sauti ya Amerika na Radio Liberty, stesheni iliyofadhiliwa na Marekani. Kwa BBC ya Kirusi uvurugaji huo ulikoma Januari 1987, na kwa Radio Liberty mwishoni mwa 1988. Anayeifuta kelele katika kaseti ya miaka hiyo anafuta tukio lenyewe la kihistoria na kubakiza taarifa ya habari.

Kabla vinasa sauti havijaenea majumbani, ushahidi ulikuwa wa karatasi. BBC ilipoanzisha huduma yake ya masafa mafupi tarehe 19 Desemba 1932, na hata miongo mingi baadaye, wahandisi walitegemea barua za wasikilizaji kujua mawimbi yao yanatua wapi. Msikilizaji aliandika tarehe, saa, masafa, yaliyomo katika kipindi na ubora wa usikivu. Stesheni ikiridhika ilimrudishia kadi ya uthibitisho, maarufu kama kadi ya QSL. Hifadhi ya Dokufunk mjini Vienna imekusanya mamilioni ya kadi hizo, nyingine za stesheni ambazo zimekwisha kuzimwa.

Kuzimwa kwenyewe kumeongeza haraka ya kazi hii. Radio Canada International na Radio Netherlands ziliyaaga masafa mafupi mwaka 2012, na Radio Australia ikafuata Januari 2017. Wapenzi wa redio walirekodi matangazo ya mwisho, baadhi yao kwa redio zinazoendeshwa na programu ya kompyuta, ambazo huhifadhi mkanda mzima badala ya stesheni moja. Faili ya aina hiyo ikifunguliwa miaka kumi baadaye, msikilizaji huweza kuhama kutoka stesheni hadi stesheni ndani ya usiku uleule uliopita. Gharama yake ni ukubwa wa faili, kwa hiyo wahifadhi hulazimika kuchagua saa za kurekodi.

Mwenye kaseti zake kabatini hana haja ya mitambo hiyo. Azirekodi upya kidijitali mapema, kwa kuwa utepe wa sumaku huchakaa, asikate mwanzo wala mwisho wa rekodi, kwani mlio wa utambulisho uliopigwa kabla ya kipindi, kama zile kengele za kanisa la Bow la London zilizotumiwa na BBC, husaidia kuitambua stesheni, kisha aandike tarehe, masafa na mahali rekodi ilipofanyika. Tarehe ikiwa imesahaulika, masafa yanaweza kulinganishwa na vitabu vya mwaka vya ratiba za redio, kikiwemo World Radio TV Handbook kilichoanza kuchapishwa mwaka 1947.