Namba ya Biashara Maana Yake Nini?

Shangazi yangu ana duka la pembejeo Mtama, mkoani Lindi, kwenye barabara iendayo Masasi. Anauza salfa, viuatilifu vya mikorosho na mabomba ya kupulizia. Juu ya mlango kuna bango la bati, na kwenye bango pameandikwa namba ya simu. Msimu mmoja wa kupulizia, mkulima wa Nyangao alipiga namba ile kuulizia bei ya salfa, akapokelewa na kijana aliyekuwa Mbagala. Kijana huyo aliwahi kuuza pale dukani. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake na alama zake za vidole, kwa hiyo siku alipoaga aliondoka nayo mfukoni. Bango likabaki linamtangaza yeye.

Namba ya biashara ni ile ambayo wateja wanaijua kuwa ya duka, na duka linabaki nayo hata muuzaji akiondoka au simu ikiibiwa. Kwa maana hiyo, namba ya shangazi haikuwa ya biashara hata siku moja, ijapokuwa ilipakwa rangi kwenye bati.

Umiliki wake haugharimu kitu. Kampuni iliyosajiliwa isajili laini kwa jina la kampuni. Duka la mtu mmoja lisajili kwa jina la mwenye duka. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na usiogope kufungwa na mtandao mmoja: tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao Tanzania bila kubadili namba, kwa hiyo bando likipanda bei hulazimiki kupaka bango upya.

Baada ya hapo swali ni moja: mteja akipiga na wewe hupokei, simu inakwenda wapi?

Wauzaji wa huduma za ofisi watakutajia voisimeili, yaani sanduku ambamo mpigaji anaacha ujumbe wa sauti. Kwenye nchi zenye mazoea hayo inafaa. Huku kwetu sijaona inavyomsaidia mwenye duka, na sababu ni ya kihesabu. Sanduku likishika simu, mtandao unahesabu kuwa simu imepokelewa, na salio la mpigaji linaanza kukatwa. Mtu mwenye vocha ya mwisho hawezi kulipia kuongea na mashine. Atakata akisikia tu ile sauti ya kurekodiwa, au tangu mwanzo atabipu. Bipu ni ujumbe kamili wa bure: namba yangu ni hii, nipigie. Sanduku likiwa linawahi kushika simu, linamharibia bipu yake.

Kinachofaa zaidi ni kuhamisha simu. Kwenye simu ya duka unaandika **61* kisha namba ya pili kisha alama ya reli (#), unapiga. Kuanzia hapo simu isiyopokelewa inaita kwenye namba hiyo ya pili, labda ya nyumbani au ya binti yako. Ukiweka 62 badala ya 61, inahama pale simu ya duka ikiwa imezimwa au haina mtandao. 67 ni kwa simu inayotumika. Ukitaka kufuta yote, ##002#. Ila jua kwamba kipande kile cha pili cha safari unalipa wewe, si mpigaji, kwa hiyo uliza mtandao wako kama dakika za bando zinatumika kwa simu zilizohamishwa au inakatwa salio la kawaida.

Simu za mezani zenye 023, ambayo ndiyo namba ya eneo la Mtwara na Lindi, zina heshima yake kwa hoteli na ofisi. Simu za intaneti nazo ni rahisi, lakini zinategemea kebo. Mei 2024 kebo za baharini zilipopata hitilafu, intaneti ilisuasua nchi nzima. Aliyekuwa na laini ya kawaida pembeni aliendelea kuita wateja wake.

Kuhusu faksi nitasema machache. Ni mashine inayosoma karatasi, kuigeuza kuwa milio na kuisafirisha kwa waya wa simu hadi mashine nyingine iichape. Ukikutana na mteja wa nje anayeing'ang'ania, usinunue mashine. Zipo huduma za mtandaoni zinazobadili waraka wa barua pepe kuwa faksi, na unaweza kuzilipia mwezi unaohitaji tu. Kwa mengine yote, piga picha ya waraka kwa programu ya kuskani, utume. Hata zabuni za serikali siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma.

Kwenye bando ndiko hela inakopotea kimyakimya. Duka la pembejeo lina miezi ya kupiga na miezi ya kupigiwa. Wakati wa kupulizia shangazi ndiye anayewatafuta wakulima na wasambazaji, na dakika za mitandao yote zinaisha kabla ya wiki. Masika mazito anapokea tu, na kupokea ni bure. Bando la mwezi wakati huo linakufa na dakika zake. Alichofanya ni kuandika kwenye daftari la madeni, kwa wiki mbili, simu alizopiga na mtandao alioupigia. Nyingi zilikuwa za mtandao mmoja. Sasa ananunua bando dogo la mtandao huo, na simu ya tochi yenye laini ya duka inakaa kwenye droo ya hela, haitoki dukani. Saa 12 jioni anaihamishia kwake.

Fundi alimtoza elfu kumi kufuta namba ya zamani kwenye bati.