Nguchiro na sumu ya nyoka: maswali na majibu

Nguchiro akiumwa na fira, mbona hafi?

Misuli hupokea amri kutoka kwenye neva kupitia kemikali iitwayo asetilikolini, inayonaswa na vipokezi vilivyo juu ya misuli. Sumu ya fira ina protini zinazovikalia vipokezi hivyo, na amri haifiki tena. Kope hulegea, kumeza kunakuwa shida, mwishowe misuli ya kupumua husimama. Kipokezi cha nguchiro kina sukari iliyojishikiza palepale sumu inapotaka kukaa. Sumu inakosa nafasi, ila asetilikolini, iliyo ndogo mno, inapita. Hata hivyo, sumu ikizidi sana, naye hufa.

Aliipataje kinga hiyo?

Si kwa kuumwa mara kwa mara. Jeni hubadilika kwa bahati tu; aliyezaliwa na kipokezi tofauti aliponea meno ya nyoka akazaa, na watoto wake wakarithi. Kinachonistaajabisha ni kwamba nyegere na kalunguyeye wamefika hapohapo kwa njia yao: kipokezi chao kimepata asidi amino (kijenzi cha protini) yenye chaji chanya ya umeme, inayoisukuma sumu mbali.

Kinga ya namna hii ina hasara?

Wakati mwingine. Amerika Kaskazini wako nyoka wanaokula salamanda, viumbe wa jamii ya vyura wenye umbo la mjusi, walio na tetrodotoksini, sumu ileile ya samaki bunju. Wale wanaoistahimili zaidi hutambaa polepole kuliko wenzao.

Nikijidunga sumu kidogokidogo, nitakuwa kama nguchiro?

Hapana, na tafadhali usijaribu. Mwili unaweza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na sumu, lakini vipokezi vyako vitabaki vilevile, kingamwili hupungua, na mwanao hatairithi. Njiani unaweza kupata mzio mkali au kuoza nyama. Kazi hiyo hufanywa kwa farasi chini ya uangalizi: hudungwa sumu kwa kipimo, kisha kingamwili za damu yao hutengenezewa dawa ya kuumwa na nyoka.

Nikiumwa nifanye nini?

Usichanje, usinyonye jeraha, usifunge kamba ya kubana. Vua pete na saa kabla hujavimba. Kiungo kilichoumwa kisitikisike, kifungwe gango kama cha aliyevunjika mfupa, na upelekwe hospitali bila kusubiri dalili. Usimfukuze nyoka. Kope zikilegea, sauti ikibadilika au mate yakishindwa kumezeka, mhudumu aambiwe papo hapo, kwa sababu mgonjwa huyo huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua hadi misuli irudi kufanya kazi.