Koloni na nchi lindwa: Kenya ilikuwa zote mbili

Wanafunzi wangu wa historia ya sheria huandika "koloni la Kenya" kwa nchi nzima, kuanzia 1895 hadi 1963. Huwa nawakata alama, maana tofauti kati ya koloni na nchi lindwa iliamua nani abaki na shamba lake.

Nchi lindwa, kisheria, ilihesabiwa kuwa nchi ya kigeni iliyo chini ya himaya ya Mwingereza. Koloni lilikuwa milki ya Mfalme wa Uingereza moja kwa moja. Kuanzia 1895 eneo lote lilikuwa nchi lindwa. Mwaka 1920 bara ikageuzwa koloni, na sababu mojawapo ilikuwa fedha: koloni liliweza kukopa London kwa nafuu zaidi.

Madhara yake yalionekana upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wakikuyu wawili, Wainaina na Murito, walishtakiana kuhusu shamba. Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba sheria ya ardhi ya 1915 na tangazo la 1920 zimefuta haki zote za wenyeji juu ya ardhi, na kwamba sasa ni wapangaji tu wa Mfalme, wanaokaa kwa ridhaa yake. Watu waliozika babu zao pale! Kila nikiisoma hukumu ile nakasirika upya.

Ukanda wa Pwani wa maili 10 ulibaki nchi lindwa, kwa sababu ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwingereza aliuendesha kwa mkataba wa 1895, akimlipa Sultani kila mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus, ngome ya Mombasa, na maliwali na mamudiri (watawala wa mitaa wa Sultani) pamoja na makadhi wakaendelea na kazi. Lakini asikwambie mtu kwamba himaya ilimlinda kila Mpwani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwafaa walioweza kudai umiliki binafsi. Wamijikenda, waliomiliki kwa ukoo, wengi wao waliachwa nje, na suala la maskwota (watu wanaoishi kwenye ardhi bila hati) wa Kilifi na Kwale lina mizizi humo.

Uhuru ulipokaribia, koloni lilihitaji Uingereza peke yake kuliachia. Ukanda ulihitaji pia ridhaa ya Sultani, ndiyo maana mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua mjini London: Sultani aachie ukanda, Kenya nayo ihifadhi mahakama za kadhi na hati za ardhi zilizokuwepo. Mahakama hizo leo zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010.