Faili la nakala rudufu likikatika njiani: pa kuanzia katika phpMyAdmin

Kosa la nakala rudufu ninaloliogopa kuliko yote ni lile lisilotoa ujumbe wowote. Katika phpMyAdmin, programu ya kusimamia hifadhidata za MySQL kupitia kivinjari, mtumiaji anabofya kitufe cha kuhamisha data, faili la SQL (maandishi ya amri za kuijenga upya hifadhidata) linashuka kwenye kompyuta yake, naye anaendelea na shughuli zake akiamini kwamba hifadhidata nzima imo humo, kumbe faili limekatikia ndani ya jedwali moja na majedwali yanayofuata hayamo kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mpangilio wowote wa seva, ninafungua faili lenyewe na kwenda moja kwa moja mwisho wake. Kwa mpangilio wa kawaida, faili la phpMyAdmin lililokamilika huwa na amri ya COMMIT, yaani ya kuthibitisha mabadiliko, karibu na mwisho, ikifuatwa na mistari michache inayorejesha seti ya herufi ya awali. Likiishia katikati ya INSERT, amri ya kuingiza safu za data, kazi ilikatizwa. Wakati mwingine utakuta mkiani vipande vya HTML vyenye ujumbe wa PHP, lugha inayoendesha phpMyAdmin, na hivyo ni vya thamani kubwa: ukiona humo namba 134217728, kumbukumbu iliyoruhusiwa na memory_limit, yaani megabaiti 128, imekwisha.

Pasipo ujumbe, ninashuku muda. phpMyAdmin hujiwekea kikomo cha sekunde 300 kupitia mpangilio wa ExecTimeLimit, lakini Nginx, seva ya wavuti iliyo mbele yake, isipobadilishwa, hukata muunganisho ikikaa sekunde 60 bila kupokea chochote kutoka PHP. Kuongeza kikomo upande mmoja tu, basi, hakutoshi. Kuhamisha majedwali machache machache husaidia. Hata hivyo, hifadhidata ikifika mamia ya megabaiti, ushauri wangu ni kuachana na kivinjari na kutumia mysqldump, programu ya MySQL ya kutoa nakala kwa mstari wa amri, pamoja na chaguo la --single-transaction, ambalo kwa majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida ya majedwali ya MySQL) hutoa picha ya wakati mmoja bila kuwazuia watumiaji kuandika.

Kisha rejesha nakala hiyo kwenye hifadhidata tupu, ulinganishe idadi ya safu. Usitegemee namba zinazoonyeshwa kwenye orodha ya majedwali, kwa kuwa kwa InnoDB zile zenye alama ya ~ ni makadirio. Endesha SELECT COUNT(*), amri inayohesabu safu zenyewe, pande zote mbili.