Kaa wa mchangani na visukuku vyake: dhana potofu na ukweli

"Kaa hawaachi visukuku (mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa miambani), miili yao ni laini mno." Si kweli. Gamba la kaa limejengwa kwa kitini, dutu ngumu ya magamba ya wadudu na kaa, na kalisi kaboneti, yaani chokaa, na magando, sehemu iliyo ngumu zaidi, hupatikana katika miamba ya kale. Kinachomponza kaa wa ufukweni, yule mwenye macho yaliyoinuka juu ya vikonyo anayetimua mbio jioni kwenye fukwe zetu, ni mahali anapoishi. Akifa, ndege na kaa wenzake humla, kisha mawimbi husaga kilichobaki. Gamba lake lenyewe ni jembamba.

Kinachodumu ni shimo. Wengi wanadhani kisukuku lazima kiwe mfupa au gamba, na dhana hii ndiyo inayotunyima mengi kuliko zote. Kaa huyu huchimba kwa mteremko, mara nyingi kwa umbo la J au Y, pengine kupita mita 1, hadi afikie mchanga wenye unyevu. Shimo likijaa mchanga mwingine, chokaa iliyoyeyuka kutoka kwenye makombe ikaganda katikati ya chembe, ule mchanga uliojaa hugeuka jiwe na umbo la shimo likabaki. Kwenye miamba ya Plaistosini, kipindi cha enzi za barafu kilichoisha miaka kama 12,000 iliyopita, ya Visiwa vya Bahama mashimo hayo yanaonekana hadi leo. Na kwa kuwa kaa huyu huchimba kuanzia usawa wa maji kujaa kwenda juu, anayeyakuta hujua bahari ya zamani ilikomea karibu na hapo. Gamba lililosukumwa na mawimbi haliwezi kutoa ushahidi huo.

Lakini tahadhari. Mwaka 1981 mtaalamu wa visukuku Franz Fürsich aliyapa mashimo ya namna hii jina Psilonichnus, kutokana na miamba ya Ureno ya Jurasiki, enzi ya dinosaria. Jina ni la shimo, si la mchimbaji. Mashimo ya Ureno yalichimbwa na viumbe wengine, kabla jamii ya kaa hawa haijatokea.

"Kaa huyu huishi majini." Hapana. Kaa mzima akizamishwa muda mrefu hufa. Hupumua kwa matamvua yanayohitaji unyevu tu, na vinyweleo vilivyo kati ya miguu yake hufyonza maji kutoka mchangani. Jike huenda baharini kuachia mayai.

Wala si kila kaa anayejifukia ni ndugu yake. Kaa aitwaye Emerita, asiye na magando, hujifukia kinyumenyume pale mawimbi yanapovunjikia na kuchuja chakula kwa papasi zenye manyoya. Yeye yuko karibu zaidi na kaa wanaobeba makombe ya konokono. Mchanga humfunika papo hapo bila kuacha shimo, kwa hiyo anayetafuta historia yake hana budi kutafuta vipande vya mwili.